SOMO LA USAFI: TAA ZA KUOSHEA USIKU KWA MASHINE YA MAJI

Vyoo vya umma na malori ya taka hutumika mchana kutwa. Kwa hiyo vikundi vya usafi mara nyingi huosha usiku, hasa wakati wa kipindupindu. Mashine ya kurusha maji kwa nguvu humaliza kazi haraka, lakini maji yake huweza kupenya ngozi. Asiyeona vizuri yanapopiga anaweza kumwumiza mwenzake, na uchafu usioonekana hubaki na vijidudu vyake. Somo hili linaeleza taa zinazopatikana na namna ya kuzitumia.

1. Chemli na karabai
Hazifai karibu na maji. Kioo chenye moto kikipigwa na maji baridi hupasuka. Tena moto wake ni hatari mnapotia petroli katika mashine. Msiingie nazo ndani ya tangi kamwe.

2. Taa ya kichwani
Huacha mikono huru. Lakini maji yakipiga ukuta hutoa manyunyu kama ukungu, na mwanga utokao kichwani hurudi machoni. Itumieni kutembea na kukagua; isiwe taa pekee ya kazi.

3. Taa za sola na za betri
Hizi ndizo zinazofaa zaidi. Umeme wa volti 12 hauna hatari kama ule wa volti 230. Ziwekwe juani mchana kutwa na kujaribiwa kabla ya kazi, kwani siku za mawingu huingiza chaji kidogo. Tazameni alama yake: IP44 huhimili maji ya kurukia tu, IP65 huhimili maji ya bomba. Hata hivyo, msielekeze mashine kwenye taa yoyote.

4. Taa za jenereta
Huangaza eneo kubwa, lakini umeme wake penye maji huweza kuua. Fundi afunge kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Waya zipite juu, na viungo vyake visiguse ardhi yenye maji. Jenereta ikae nje mahali pakavu, kwa maana moshi wake una hewa ya sumu isiyonuka. Zimeni kabla ya kutia mafuta.

Mahali pa kuweka taa
Taa moja kali huleta kivuli cha mwoshaji palepale anapoosha. Afadhali taa mbili za wastani, kulia na kushoto, nyuma yake kidogo, juu ya kimo cha mtu. Zifungwe kwenye nguzo imara, zisimpige machoni. Swichi ya mashine na njia ya kutokea ziangazwe pia.

Mtu akipigwa na maji
Zimeni mashine. Hata kama kidonda ni kitundu kidogo kisichouma, mpelekeni kituo cha afya usiku huohuo, na mweleze kuwa ameumizwa na maji ya mashine. Uchafu huweza kuingia ndani ya nyama. Msingoje avimbe.

Maswali ya kujadili kikundini
1. Kwa nini karabai haifai hapa?
2. Taa zenu zina alama gani?
3. Mwoshaji akianguka, nani atazima mashine?