BANGILI YA KUPIMA MAPIGO YA MOYO

Ndugu mkulima wa Mikinduri, bangili hii haina kioo. Hesabu yake husomwa katika programu ya simu. Mwanga ulio chini yake hupima damu ipitayo mkononi.

1. Ifunge juu kidogo ya kifundo, isicheze wala isibane. Ioshe jasho na udongo.

2. Soma mapigo asubuhi, kabla ya kuondoka kitandani. Mtu mzima aliyepumzika huwa na 60 hadi 100 kwa dakika.

3. Miraa huongeza mapigo. Hesabu ya baada ya kutafuna usiilinganishe na ya asubuhi.

4. Ihakikishe kwa vidole: hesabu nusu dakika, zidisha kwa mbili.

Kifua kikiuma, usingoje simu ikuambie. Nenda hospitali upesi.