Dondoo muhimu: Barabara ya Mbeya–Chunya

Ni kilomita 72 tu za lami, lakini ni za milima. Kabla ya kuondoka:

• Subiri ukungu upungue. Masika, kona za juu hufunikwa kabisa asubuhi. Washa taa na usilipite gari lingine konani.

• Shuka kwa gia ndogo. Ukikanyaga breki mfululizo zitapata moto na kugoma kushika.

• Soma matawi. Majani mabichi yakiwa yametandazwa barabarani, mbele kuna gari limeharibika. Punguza mwendo. Likiharibika lako, weka pembetatu, na ukiondoka usiache nyuma mawe uliyozuilia magurudumu.

• Picha baadaye. Bonde la Usangu linavutia ukiwa juu. Egesha nje ya lami, palipo wazi.

• Vaa sweta. Juu kuna baridi kali. Chunya, mji wa dhahabu, utalivua.

• Heshimu 50. Hizo ndizo kilomita kwa saa unazoruhusiwa penye makazi.

• Shimo uliripoti kwa nani? Barabara hii ni ya TANROADS. Mitaa ya mjini na njia za vijijini ziko chini ya TARURA.