SOMO: TUTENGENEZE NYAYA ZILIZOCHAKAA ZA PIKIPIKI



Vikundi vingi vina pikipiki ya kupeleka maziwa, au kukimbiza mgonjwa kliniki usiku. Mara nyingi ni ya zamani, imepitia mikono mingi. Injini bado ni nzima, lakini taa zinawaka na kuzimika, na fyuzi inakatika kila mara. Ndipo mtu anasema, "Wekeni tu kipande cha waya hapo, itatembea." Hatari inaanzia hapo.

Kazi ya fyuzi

Fyuzi ni mlinzi. Ndani yake mna uzi mwembamba unaoyeyuka umeme ukizidi. Umeme huzidi pale waya uliochubuka unapogusa chuma cha fremu. Ukiweka waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi, umemfukuza mlinzi na mwizi bado yumo. Nyaya zitashika moto, na tangi la petroli liko juu yake. Tunajua kikundi kimoja kilichofanya hivyo. Nyaya zote ziliungua kwa safari moja, na akiba ya miezi mingi ikaenda kwa fundi.

Kutafuta ugonjwa

1. Washa taa, kisha geuza usukani kushoto na kulia. Taa ikizimazima, waya umekatika kwenye shingo ya usukani.

2. Zima, ondoa kiti na tangi. Funga petroli kwanza, na moto au sigara visikaribie. Angalia pale nyaya zinapopita kwenye kona za chuma na karibu na injini. Waya mgumu unaopasuka ukiukunja umechoka. Shaba yenye kutu ya kijani pia haifai.

3. Kama fyuzi inakatika, itoe na uunganishe balbu ya taa kubwa mahali pake. Fungua swichi. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, umeme unavujia kwenye fremu. Tikisa nyaya polepole, sehemu moja baada ya nyingine. Mahali ambapo ukitikisa balbu inafifia au kuzimika, ndipo penye kidonda.

Kutengeneza

1. Ondoa nyaya za betri. Anza na ule uliofungwa kwenye fremu (mafundi huuita athi). Wakati wa kurudisha, huo uwe wa mwisho.

2. Kata sehemu mbovu mpaka ufike kwenye shaba safi inayong'aa.

3. Tumia waya wa gari wenye nyuzi nyingi, unene uleule au kuzidi kidogo. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu haufai, maana mtikisiko utaukata.

4. Ingiza mpira mwembamba wa kufunikia kabla ya kuunganisha. Sokota ncha pamoja, lehemu kwa risasi, kisha vuta mpira ufunike kiungo. Tepu peke yake hulegea kwa joto.

5. Kwangua rangi na kutu pale athi inapofungwa kwenye fremu, ukaze vizuri. Taa nyingi hafifu hupona hapa tu.

6. Nyaya zinapopita kwenye kona, zivishe kipande cha tyubu ya baiskeli. Ziache na ulegevu kidogo kwenye shingo ili usukani ugeuke bila kuzivuta.

7. Weka fyuzi mpya yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu au kisanduku chake. Kama ni 10, weka 10, wala si 20.

Kazi hii inahitaji koleo, kisu, mita chache za waya na asubuhi moja. Kama kidonda hakionekani, mwiteni fundi, lakini mmoja wenu akae naye aone.

Maswali ya kujadiliana

1. Pikipiki yetu ina fyuzi, au kuna waya mahali pake? Twende tukaangalie sasa.
2. Nani ataikagua kila mwezi?
3. Je, fyuzi mbili za akiba ziko chini ya kiti?