Mabegi Mgongoni, Iringa hadi Mbeya

SWALI: Sisi ni marafiki wanne, tumemaliza chuo. Januari tunataka kusafiri kwa mabasi kutoka Iringa hadi Mbeya. Tushuke wapi?

JIBU: Msiondoke Iringa mapema. Nendeni Kalenga, makao ya Chifu Mkwawa wa Wahehe, mkaone fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kijana wa Kitanzania asiyepajua Kalenga amekosa kitu kikubwa. Kisha pandeni gari la kuelekea Mafinga mshuke Isimila, penye zana za mawe za kale na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Mafinga na Makambako piteni tu. Shukeni Chimala, mpande milima hadi Matamba na Hifadhi ya Kitulo. Januari mmeichagua vizuri, maana maua, yakiwemo aina nyingi za okidi, huchanua kati ya Desemba na Aprili. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na mimi nakubaliana nao kabisa. Ila ni msimu wa mvua: njia hujaa tope, bodaboda huteleza. Changeni fedha mkodi gari lenye nguvu, na kila mmoja abebe sweta, koti la mvua na kitambulisho cha taifa, kwa sababu raia hulipa kiingilio nafuu.

Mkifika Mbeya, Ziwa Ngozi liko njia ya Tukuyu. Msipande mlima wake bila mwongozaji wa pale. Msituni njia hupotea upesi.