Simba wa Tsavo na Khurafa Zilizozushwa Juu Yao

Katika darasa yetu ya hapa Donholm vijana wameuliza mara kwa mara: wale simba wawili waliokula watu Tsavo, je, walikuwa wanyama au mashetani? Swali hili si la vijana peke yao. Barazani kwetu Mwambao wako wazee wasemao kwa yakini kuwa walikuwa simba wa kutumwa. Tumeona yafaa kulieleza, maana reli iliyozaa khabari hizo ndiyo hii ipitayo jirani yetu, baina ya Embakasi na Makadara, na wengi wetu tuliotoka Mombasa tuliifuata njia hiyo hiyo.

Mwezi wa Machi 1898 Bwana J. H. Patterson, ofisa wa jeshi la Kiingereza, aliwasili Tsavo kujenga daraja. Hakukaa sana ila simba wakaanza kuwatwaa wafanya kazi usiku ndani ya mahema. Miongoni mwa wa mwanzo alikuwa jemadari wa Kisingasinga, Ungan Singh. Watu walizungusha maboma ya miba, simba wakapenya. Wakawasha mioto, simba wasijali. Wengine wakalala juu ya miti na juu ya matangi ya maji, wengine wakachimba mashimo humo humo hemani. Bwana Patterson akaunda mtego wa vyuma vya reli, akaweka askari upande mmoja wawe chambo. Simba akaingia na mlango ukamfungia. Askari wakapiga bunduki ovyo kwa kitisho, hata risasi moja ikavunja chuma cha mlango, na mnyama akatoka salama. Hapo ndipo khurafa ilipopata nguvu, kwani mtu aliyekosa shabaha kwa hofu huona wepesi kusema kuwa risasi haimpati shetani. Ikaenezwa kuwa hizo ni roho za machifu wawili waliokufa, waliokasirishwa na reli kupita katika nchi yao.

Tarehe 1 Disemba mamia ya wafanya kazi walijilaza juu ya reli wakaisimamisha gari, wakaipanda wakarudi pwani. Kazi ikasimama wiki tatu. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Disemba, na wa pili tarehe 29. Yule wa kwanza alipimwa akawa futi 9 na inchi 8, akachukuliwa na watu 8. Shetani gani huyo apimwaye kwa futi na kubebwa mabegani? Ngozi na mafuvu yao yaliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, katika miaka ya 1920, na yako huko hata leo.

Basi kwa nini walikula watu? Mmoja alikuwa na jino la chonge lililovunjika, na usaha katika mzizi wake. Nyati hakamatwi kwa jino la namna hiyo. Tena katika miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yaliangamiza ng'ombe na nyati, na mawindo yakapungua.

Iko sababu nyingine waliyoitaja wachunguzi, nayo yatuhusu sisi watu wa Mwambao. Njia ya misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikivuka mto wa Tsavo, na waliougua au kuchoka waliachwa njiani, wakafa bila ya kuzikwa. Yadhaniwa kuwa simba wa nchi ile walijifunza kula watu kwa maiti hao. Misafara hiyo ilitoka katika miji yetu, na wengi wa wenye mali walikuwa Waislamu, watu waliojua vyema kuwa kumzika maiti ni faradhi. Katika visa vya barazani hatujapata kusikia jambo hili likitajwa, hutajwa mashetani.

Hesabu ya waliokufa nayo imetiwa chumvi. Katika kitabu chake cha 1907 Bwana Patterson alitaja Wahindi 28, na Waafrika ambao hawakuandikwa hesabu yao. Baadaye akasema jumla ni watu 135. Mwaka 2009 wataalamu walipima mifupa na nywele za simba wale, wakakisia kuwa waliliwa watu kama 35. Ndugu zetu wazingatie na hili: Wahindi walioletwa kujenga reli walikuwa takriban 32,000, na waliokufa walikaribia 2,500, wengi wao kwa maradhi. Homa haikuandikiwa kitabu.

Khurafa ya simba wa kutumwa imeleta madhara makubwa kuliko simba wenyewe. Singida, Tanganyika, katika miaka ya 1940, watu walikuwa wakiuawa na ikisemwa wameliwa na simba. Serikali ilipochunguza ilikuta mikono ya wanadamu, na watu wakashitakiwa kwa kuua.

Hapa Nairobi simba wangali jirani. Mbuga ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1946 iko maili chache kutoka Donholm, na upande wake wa kusini hauna ua. Zamani haikuwa ajabu kwa simba kuonekana mjini. Lakini hata Machi 2016 simba aliyeitwa Mohawk alitoka mbugani, akamjeruhi mtu, na askari wa wanyama wakampiga risasi. Kwa wafugaji wa Kitengela hasara ni ya kila mara, kwani simba huja usiku kutwaa ng'ombe. Kijana mmoja wa huko, Richard Turere, alipokuwa na umri wa miaka 11 aliona kuwa simba humwogopa mtu atembeaye na tochi. Akafunga balbu kuzunguka zizi la baba yake, akaziunganisha na betri ya motokaa ipatayo nguvu kwa jua, zikawa zawaka na kuzimika kwa zamu kama kwamba mtu anazunguka na taa yake. Simba wakaacha kuja zizini, na majirani wakamwita awafungie taa hizo nao.