Bakshishi Si Mshahara

Mshahara ni deni. Bakshishi ni hisani. Mwajiri hana budi kulipa mshahara, bali mgeni aliyehudumiwa vema hutoa bakshishi kwa hiari yake. Mambo hayo mawili yakichanganywa, mtumishi ndiye apataye hasara. Na tuutazame mfano wa Marekani.

Sheria iliyotiwa sahihi huko tarehe 4 Julai 2025 yawaruhusu watumishi wa mezani, vinyozi na wengine waliozoea kupewa bakshishi, kuondoa hadi dola 25,000 za bakshishi katika mapato yanayotozwa kodi na serikali kuu. Nafuu hiyo ni ya mapato ya mwaka 2025 hadi 2028. Makato ya pensheni na ya matibabu ya uzeeni yako palepale.

Je, yamfaa nani? Tuwapime watu watatu wasio na ndoa wala watoto, kwa hesabu ya mwaka 2025. Wa kwanza ni mtumishi wa mezani apataye dola 15,000 kwa mwaka. Mtu kama huyo hatozwi kodi hiyo mpaka mapato yake yapite dola 15,750; basi hakuongezewa kitu. Wa pili apata dola 30,000, na katika hizo 10,000 ni bakshishi. Kodi yake yashuka kutoka dola 1,470 hivi hadi 425. Wa tatu ni mpishi wa hoteli hiyo hiyo, apataye dola 30,000, zote mshahara. Yeye hulipa zile 1,470. Mapato ni sawa, kodi ni mbalimbali.

Lakini jambo kubwa zaidi ni mshahara wenyewe. Tangu mwaka 1991 sheria ya serikali kuu humruhusu mwajiri kumlipa mtumishi wa namna hii dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi zimfikishe dola 7.25, kima cha chini kilichowekwa mwaka 2009. Zisipomfikisha, mwajiri hujaliza. Maana yake, mgeni ndiye anayelipa deni la mwajiri. Majimbo kadhaa, California likiwamo, yameukataa mtindo huo: mshahara hulipwa kamili kwanza, na bakshishi huwa nyongeza.

Kupunguza kodi si kosa, ila hakuponyi mshahara mdogo. Basi kila mwenye kuajiri, hata mtumishi mmoja wa nyumbani, asihesabu zawadi za wageni kuwa sehemu ya ujira. Na alipe kwanza anachodaiwa, ili hisani ibaki hisani.