Namna ya kutafuta ndugu aliyepotelea Katanga

Wanafunzi wenzetu, somo hili lilitoka kwa tate wa mwenzetu mmoja wa mwaka wa tano. Mama huyu mzee amepita miaka 80. Mwaka 1951, yeye akiwa mtoto, kaka yake aliacha mugini, upande wa Kongolo, akaenda kazi ya shaba. Barua zilifika mara mbili, kisha kimya. Tate anauliza neno moja tu: « Aliacha mutoto ao hapana? » Tulifikiri ni kazi ya siku mbili. Kumbe ilituchukua miezi.

Kosa letu la kwanza: tulikimbilia karatasi mbele ya kuuliza wazee vizuri. Tulitafuta mtu mwenye baba mmoja na tate, hatukuona kitu. Siku moja tukamwuliza: « Tate, mulitoka tumbo moja? » Akacheka: « Hapana, yeye ni wa baba mukubwa. » Basi jina la baba tulilokuwa nalo halikuwa lake! Kwetu ndugu ni ndugu, lakini karani wa zamani aliandika baba mzazi. Kwa hiyo uliza baba ni nani, mama ni nani, mugini gani, chefu gani. Majina ya chefu na ya mugini yana faida sana, sababu kwetu ndugu wawili wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina mbalimbali kabisa. Jina moja peke yake halionyeshi jamaa.

Halafu inafaa kujua safari yenyewe. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na treni ya kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910. Watu wa machimbo hawakutosha, kwa hiyo kampuni ilitafuta wengine mbali, hata Ruanda-Urundi. Mara ya kwanza wengi walifanya miezi michache na kurudia kwao. Lakini karibu na mwaka 1928 kampuni iligeuza mashauri: mkataba wa miaka 3, na mtu alete bibi yake na watoto kambini. Njo hapa wengi walipotelea. Mtu akizaa watoto kambini, watoto wakisoma kule, wakizoea posho ya kule, mugini unakuwa hadithi. Wengine walifukuzwa wakati wa mashida ya mwaka 1931 na 1932, kazi ilipokufa. Nao hawakurudia wote. Mtu wa Kongolo wa mwaka 1951 alishuka kwa treni mpaka Kabalo, akapanda meli juu ya Lualaba mpaka Bukama, kisha treni tena, maana reli ya Kabalo mpaka Kamina ilimalizika mwaka 1956 tu. Ukijua njia, unajua pia mahali pa kuuliza.

Kampuni iliandika kila mtumishi: namba yake, mugini, chefu, bibi, watoto. Lakini mwanafunzi hawezi kuingia tu katika biro na kufungua mafaili ya watu. Buku la ubatizo ni karibu zaidi. Misioni iliandika jina, siku, wazazi na mahali mtu alipotoka. Msiwaze kwamba jamaa ya Kiprotestanti itaonekana kwa Waprotestanti tu. Mapadri Wabenedikto njo waliangalia masomo katika kambi za kampuni, na watoto wengi waliandikwa kule. Kwetu kuko tena barua ya kuhama, ile mkristo anayopewa na kanisa lake akihamia mahali pengine. Mchungaji aliyeipokea anaweza kuwa ameitunza.

Sasa shida ya majina. Mwaka 1966 Elisabethville iliitwa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi, Albertville ikawa Kalemie. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya kikristo, na watu wakashika majina ya wakubwa wao. Kwa hiyo Yohana wa mwaka 1953 haonekani katika listi ya mwaka 1975, ijapo yupo palepale. Mkutafuta, andikeni majina yake yote, la zamani na la nyuma. Angalieni pia maandiko: Chibangu, Tshibangu na Cibangu ni jina moja, kila karani na mkono wake. Na mwaka wa kuzaliwa msiuamini sana. Wengi waliandikiwa mwaka kwa kuangaliwa uso tu.

Kama ndugu alipotea juu ya vita au kukimbia, Msalaba Mwekundu una kazi hiyo ya kutafuta. Unaandika ujumbe wa habari za jamaa tu, bila siasa, nao unapelekwa wazi bila kufungwa.

Sisi tuliandika kwa mchungaji mmoja wa Likasi, karatasi moja tu, jina la baba mkubwa likiwa juu. Tuliweka franka za jibu ndani. Nusu ya mwaka ikapita, na mwenzetu akaanza kumdanganya tate kwamba posta imefungwa. Kisha jibu likafika. Katika buku la ubatizo la mwaka 1953: Yohana, mugini uleule, baba yuleyule, chefu yuleyule. Chini yake, mwaka 1957, mtoto mwanamke. Mchungaji aliongeza kwa mkono wake kwamba mzee alikufa zamani, lakini yule binti yuko, ni mama wa kanisa lake, na aliitwa jina la kimugini ambalo hakuna mtu wa Likasi aliyejua kulifasiria.

Tulimsomea tate jina lile. Lilikuwa jina lake yeye mwenyewe, la utotoni. Akatuambia tusome tena.